Beki Aliyemaliza Mkataba

Nauza nguo za mitumba Mchikichini, katika soko ambalo wengi hulitaja kwa jina la Karume kwa sababu ya uwanja ulio jirani yake. Ni kazi inayomfundisha mtu mambo asiyoyatafuta. Siku moja nilifungua belo la fulana za michezo, nikatoa jezi moja kubwa ya kijani, nzito kama turubali. Mgongoni ilikuwa na nambari 92 na juu ya nambari pameandikwa WHITE. Vijana wa meza ya jirani walicheka sana. Jezi ya kijani inajiita nyeupe!

Aliyetuondolea ujinga ni mteja mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa akichagua suruali. Alisema White si rangi, ni jina la mtu: Reggie White, mchezaji wa ule mpira wa Wamarekani unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu. Alikuwa mlinzi wa pembeni katika mstari wa mbele, na kazi yake ilikuwa kumfukuza yule anayerusha mpira wa upande wa pili na kumwangusha kabla hajaurusha. Alichezea timu ya Philadelphia kwa miaka mingi. Mwaka 1993 alikuwa mchezaji huru, timu nyingi zikamtaka, naye akachagua Green Bay, mji mdogo wenye baridi kali, kwa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 17. Januari 1997 timu hiyo ilitwaa ubingwa iliokuwa haijauonja kwa miaka 29. Uhuru wenyewe haukuletwa kwenye sahani. Wachezaji walikwenda mahakamani kuudai, na White alikuwa mmoja wa wadai.

Jezi niliiuza siku ile ile, lakini maneno ya yule mwanafunzi yalibaki nami. Si zile dola. Fedha za watu wengine hazinikoseshi usingizi. Kilichonishika ni usahili wa habari yenyewe: mkataba wake ulikwisha, akaitwa na wengi, akapima, akaenda. Bila shaka Philadelphia wapo walionuna. Lakini katika masimulizi yale hapakuwa na mtu aliyeibwa wala aliyetoroshwa usiku. Nikajiuliza, ndugu msomaji, kwa nini sisi wa Kariakoo na Ilala hatuwezi kusimulia habari kama hiyo bila kutaja wizi.

Mimi ni mtu wa Simba, nalisema mapema ili unipime vizuri. Kutoka mezani kwangu hadi Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya klabu yangu, ni mwendo wa miguu, na hadi Jangwani kwa Yanga ni mwendo wa miguu vilevile. Barabara inayopita karibu yetu inaitwa Uhuru. Katika eneo hili dogo, tangu klabu hizo zilipoanzishwa, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, watu wamezoea kuzungumza habari za usajili kama wanavyozungumza habari za ndoa na talaka za jirani. Tuna msamiati wetu kamili. Mchezaji "amenaswa". Mchezaji "ameporwa". Mchezaji "amefichwa". Mchezaji "ametua". Yatazame maneno hayo kwa utulivu. Katika yote, isipokuwa hilo la mwisho, anayetenda ni mtu mwingine, na mchezaji ni mzigo unaochukuliwa kutoka ghala moja kwenda ghala jingine. Hata hilo la kutua ni neno la ndege na mizigo.

Neno usajili nalo lina kasoro yake. Kusajili ni kuandikisha jina katika daftari. Mtoto husajiliwa, gari husajiliwa, na kiwanja husajiliwa. Ni kweli mchezaji naye lazima asajiliwe na shirikisho ndipo acheze. Lakini kabla ya daftari kuna jambo la kwanza na kubwa zaidi: mtu amekubaliana na mwajiri juu ya kazi, muda na malipo. Sisi tumelikamata la pili tukaliacha la kwanza. Ndiyo maana kijiweni utasikia mtu akijua dau la mchezaji hadi shilingi ya mwisho, au akijidai kulijua, lakini ukimwuliza mkataba ni wa miaka mingapi, unakwisha lini, na akivunjika mguu nani atamlipa, atakutazama kama uliyeuliza umri wa mama mkwe wake.

Siwalaumu waandishi wa kurasa za michezo peke yao. Gazeti huandikwa kwa ajili ya anayelinunua, na mnunuzi ni mimi. Kosa ninalolikosoa hapa ni langu pia, na nitaeleza lilivyokuwa.

Mwishoni mwa mwaka 2014 Simba walimchukua Hassan Ramadhani Kessy, beki wa kulia, kutoka Mtibwa Sugar. Alikuwa kijana wa miaka 20, mwenye mbio, anayependa kupanda na mpira. Tulimpenda. Kisha ikaja Februari 20, 2016, Simba na Yanga Uwanja wa Taifa. Simba tulikuwa tumekwisha kubaki wachezaji 10 uwanjani. Kessy akarudisha mpira nyuma kwa kipa, mpira ukawa mfupi, Donald Ngoma akauwahi na kufunga. Baadaye Amissi Tambwe akaongeza la pili. Tulifungwa 2-0.

Hapo ndipo palipo na msiba wa kazi ya ubeki. Mshambuliaji akikosa mara 5 na kufunga mara 1, siku hiyo ni yake, atabebwa mabegani. Beki akiokoa mara 20 na kukosea mara 1, tunaikumbuka hiyo 1. Na akiwa kijana, ambaye bado anajifunza wakati wa kutoa pasi na wakati wa kuubutua mpira utoke nje, kosa lake hatuliiti kosa. Tunalitafutia nia. Februari ile kijiwe chetu kilisema amekula njama. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, wala hakuna aliyeulizwa ushahidi. Kahawa iliendelea kumiminwa na maneno yakaendelea kumiminwa pamoja nayo.

Msimu ulipokwisha, mkataba wake na Simba ulikuwa unafika mwisho, na Kessy akasaini Yanga. Unaweza kukisia tulivyopokea habari hiyo. Uongo wa Februari ukavaa nguo za kweli. Tulisema, "Si mnaona?" Viongozi wa Simba wakalalamika kwamba Yanga wamemtumia mchezaji kabla siku za mkataba hazijakwisha, shauri likafika mbele ya shirikisho, na magazeti yakapata chakula cha miezi kadhaa.

Mimi nilisema neno msaliti. Nililisema kwa sauti, kikombe mkononi, na kijana wangu wa kazi alikuwa amekaa pembeni. Kijana huyo nilikuwa naye kwa miaka 4. Alijua kufungua belo na kupanga daraja la kwanza na la pili kuliko mimi mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu:

"Mzee, mkataba wake si umekwisha?"

"Umekwisha," nikamjibu, "lakini Simba ndiyo iliyomtoa."

"Mtibwa ndiyo iliyomtoa, mzee. Simba ilimkuta anacheza."

Watu walicheka, nami nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli, na pengine kwa sababu nilisikia ndani ya swali lake swali jingine ambalo hakuliuliza.

Sasa tuache hasira tuitazame sheria, maana wengi wetu tunazungumza habari za mikataba bila kujua inavyofanya kazi. Kulikuwa na mchezaji wa Ubelgiji aliyeitwa Jean-Marc Bosman, wa klabu ya Liège. Mkataba wake ulikwisha mwaka 1990, akataka kwenda Dunkerque, Ufaransa. Klabu yake ikasema haendi mpaka ilipwe. Fikiria: mkataba umekwisha, lakini mtu bado ana bei, na bei inalipwa kwa mwajiri asiyemwajiri tena. Bosman akaenda mahakamani, na Desemba 15, 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba ndani ya nchi za umoja ule anaweza kwenda klabu nyingine bila klabu ya zamani kudai ada ya uhamisho. Yeye mwenyewe miaka yake mizuri ya uchezaji ilikuwa imeliwa na kesi. Waliofaidi ni wadogo zake.

Tangu hapo utaratibu umeenea. Kanuni za FIFA leo zinasema mchezaji wa kulipwa anaweza kufanya mkataba na klabu nyingine mkataba wake ukiwa umekwisha, au ukiwa umebakiwa na miezi 6 au pungufu. Mkataba hauzidi miaka 5, na kwa aliye chini ya umri wa miaka 18 hauzidi 3. Kwa hiyo klabu inayompenda beki wake kijana ina muda wa kutosha wa kumwita, kumketisha, na kumwambia: tunakutaka, haya ndiyo masharti. Ikisubiri hadi miezi 6 ya mwisho, imejua kwamba mlango uko wazi. Mtu huru akitoka kupitia mlango ulio wazi, ni haki kumwita mwizi?

Lakini haki ina pande mbili, na nisingependa kuandika kama wakili wa upande mmoja. Mkataba unaomfungua mchezaji kesho ndio unaomfunga leo. Kama siku ya mwisho ni katikati ya Juni, basi hadi siku hiyo ni mtu wa mwajiri wake wa zamani: mazoezi, jezi, na nidhamu yote. Simba walikuwa na haki kamili ya kudai tarehe iheshimiwe, na klabu yoyote inayoharakisha kumvisha kijana jezi yake kabla ya siku kufika haimsaidii kijana huyo. Inamtia katika shauri ambalo yeye ndiye atakayelilipia kwa kukaa nje ya uwanja. Kusaini mapema ni jambo moja. Kuhamia mapema ni jambo jingine.

Na kuna Mtibwa. Swali la kijana wangu lilikuwa la maana kuliko alivyojua. Klabu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, imewalea vijana wengi ambao baadaye sisi wa mjini tumewashangilia kama waliozaliwa Msimbazi au Jangwani. Tunapopiga kelele kwamba tumeporwa, tunasahau tuliwatoa wapi. Mtu wa Turiani angekuwa na haki zaidi ya kulia. FIFA imeweka fidia ya malezi kwa klabu zilizomlea mchezaji anapohama nchi akiwa bado kijana, jambo linaloonyesha kwamba mlezi anaweza kulipwa pasipo mlelewa kufungwa kamba. Hilo ndilo tungepaswa kulizungumza vijiweni, kwa sababu lina manufaa. Tusi halijalea beki hata mmoja.

Tena Kessy hakuwa wa kwanza. Mwaka 2012 Kelvin Yondani, beki wa kati, alitoka Simba kwenda Yanga kwa makelele makubwa, miezi michache baada ya sisi kuwafunga wale wale Yanga 5-0. Tulisema hatadumu. Alidumu huko hadi 2020. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Ramadhani Singano, ambaye si beki, lakini kisa chake kinaeleza ugonjwa wetu vizuri kuliko vyote. Mchezaji alisema mkataba wake ni wa miaka 2, klabu ikasema ni wa miaka 3. Mwisho wake alikwenda Azam. Hebu fikiri: watu wazima wanabishana si juu ya maana ya mkataba, bali juu ya mkataba wenyewe unasema miaka mingapi! Mahali ambapo karatasi haiaminiki, lazima maneno msaliti na mwizi yashike nafasi yake.

Wazee watasema zamani haikuwa hivi, wachezaji walicheza kwa mapenzi. Ni kweli kwamba zamani soka letu lilikuwa la ridhaa, na mchezaji mwenye bahati alipewa kazi katika shirika la umma au kiwanda. Lakini tusipambe mno. Zamani ile ilikuwa na barua ya kuachiwa, na kiongozi akiamua kuikalia barua hiyo, mchezaji alikaa nayo mwaka mzima nyumbani akitazama wenzake wakicheza. Mapenzi yanayohitaji barua ya kuachiwa si mapenzi matupu. Yana kufuli ndani yake.

Nirudi kwa kijana wangu. Miezi miwili baada ya mazungumzo yale alikuja asubuhi, akanisalimu, akasema, "Mzee, naomba ruhusa. Nimepata meza upande wa pili." Sisi hatukuwa na mkataba wa maandishi. Nilikuwa nimemwahidi kwa mdomo kwamba baada ya miaka 3 nitamsaidia kupata meza yake, na mwaka wa 4 ulikuwa unakwisha nami sijasema kitu. Badala ya kumshukuru nikamnyima fedha zake zilizobaki, shilingi 280,000, zilizokuwa zimeandikwa katika daftari langu. Nikawaambia majirani ameniibia wateja. Maneno yale yale, ndugu msomaji. Yalikuwa tayari mdomoni, yamezoezwa kijiweni kwa beki wa Simba, yakamwangukia kijana wa Mchikichini.

Desemba 23, 2018 nilikwenda Uwanja wa Taifa, ambao tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, kuwaona Simba na Nkana ya Zambia. Tulikuwa tumefungwa 2-1 kwao, tukawafunga 3-1 kwetu, tukasonga mbele. Nilishangilia hadi sauti ikanikauka. Njiani kurudi nikakumbuka kwamba Kessy wakati huo alikuwa mchezaji wa Nkana. Alimaliza miaka yake Yanga, akaenda zake Kitwe kutafuta riziki, na hakuna mtu wa Yanga niliyemsikia akivunja kikombe. Mwaka uliofuata alikuwa katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Misri, katika fainali za Afrika tulizokuwa hatujazifikia tangu 1980. Sote tulishangilia kikosi kile, pamoja na mimi niliyemwita msaliti. Sikumwomba radhi mtu yeyote. Niliona aibu kidogo, nikalala.

Januari 16, 2022 soko letu liliungua. Meza yangu ilikwenda, na daftari likaenda nayo. Kijana wangu, ambaye meza yake nayo iliungua, alinikuta asubuhi nimesimama juu ya majivu. "Shikamoo mzee, pole," akasema. Nikamwitikia. Hakutaja deni. Hakuwa na nakala ya daftari, na alijua sasa hata yangu haipo. Hapo nilielewa jambo ambalo kesi zote nilizozisimulia zilikuwa zinaniambia. Asiye na karatasi anaishi kwa huruma ya mwenye daftari. Daftari lilikuwa limeungua, lakini deni halikuungua, na aliyelijua vizuri ni mimi. Ilinichukua hadi mwaka uliofuata kulilipa, kidogo kidogo, na sikumwambia kwamba ni zawadi. Nilimwambia ni zake.

Sisemi mashabiki tuache uchungu. Timu ikiondokewa na beki mzuri, inauma, na mshabiki asiyeumia ni mtazamaji tu. Ninachokosoa ni uvivu wetu wa kuugeuza uchungu kuwa shtaka. Siku klabu yako itakapompoteza mchezaji huru, kabla hujamtafuta msaliti, uliza maswali matatu. Mkataba ulikuwa unakwisha lini? Nani alizungumza naye kabla ya miezi 6 ya mwisho? Aliahidiwa nini ambacho hakupewa? Mara nyingi utakuta aliyepaswa kujibu amekaa ofisini, na aliyetukanwa ni kijana wa miaka 21.

Mwaka jana niliajiri msaidizi mpya. Nilichana karatasi mbili za daftari la shule, nikaandika kila moja maneno yale yale: kazi, malipo, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na kwamba baada ya hapo tutazungumza upya au tutaagana. Tukatia sahihi zote mbili, moja yake, moja yangu. Aliisoma yake polepole, akaniuliza:

"Mzee, na siku hii ikifika?"

"Siku hiyo uko huru," nikamwambia. "Kama nakutaka bado, nitakuja kuzungumza nawe mapema."

Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kufungua belo.